Kubadilisha tendo moja: mwongozo wa uchanganuzi wa tabia kwa mzazi na mwalimu

Mtoto anayejitupa chini dukani hana jini, na si lazima awe amedekezwa. Amejifunza. Huko nyuma aliwahi kulia, akanunuliwa peremende ili watu waache kukodoa macho, na tangu siku hiyo kilio kinampatia anachotaka haraka kuliko "tafadhali". Wachanganuzi wa tabia wanaanzia hapo: tendo hudumu kwa sababu ya kinacholifuata. Kinacholifuata kikibadilika, na kikabaki kimebadilika, tendo nalo hubadilika.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kubadilisha tendo moja, la mtoto au lake mwenyewe. Utahitaji daftari, kalamu, na watu wa nyumbani wanaokubali kufuata mpango mmoja. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Aina mbili za kujifunza

Aina ya kwanza ni mwili kuitikia ishara. Ivan Pavlov, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Urusi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, na ni katika kazi hiyo alipoona mbwa wake wakidondokwa na mate kabla chakula hakijafika mdomoni. Akaanza kuwasikilizisha mlio, kisha chakula. Mlio, kisha chakula. Baada ya marudio ya kutosha, mlio peke yake ulileta mate. Alipoendelea kutoa mlio bila chakula, mate yalipungua hadi yakakauka.

Mfugaji wa Bahati au Molo anaijua habari hii bila kupitia Urusi. Ng'ombe aliyezoea kukamuliwa vizuri akisikia ndoo zikigongana na kumwona mkamuaji wake, maziwa huanza kushuka kabla chuchu haijaguswa. Kiasili kinachoyashusha ni ndama kunyonya au mkono kukanda kiwele, ambapo ubongo huachilia homoni ya oksitosini. Ndoo haina nguvu yoyote ya kushusha maziwa. Imeipata kwa kutangulia kila siku. Ng'ombe huyo huyo akipigwa au akishtuliwa na mbwa wakati wa kukamua, homoni ya woga huyazuia maziwa, na baadaye hata pale mahali pa kukamulia panaweza kuwa ishara ya balaa. Hachagui kushusha au kutoshusha. Mwili umeshajibu.

Mtoto aliyeaibishwa ubaoni mara kadhaa anaweza kutokwa jasho kwa kuona tu kitabu cha hisabati. Hapo hakuna ukaidi wa kuadhibiwa. Kuna woga uliofundishwa, na huondolewa polepole kwa kukutanisha hisabati na mambo mema, kwa vipimo vidogo. Woga wa namna hii pia husambaa. Mwaka 1920 huko Marekani, John B. Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya marudio machache alilia akimwona panya tu, kisha sungura, kisha vitu vingine vyenye manyoya. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeliruhusu jaribio hilo, na ni vyema.

Aina ya pili ndiyo tutakayoshughulika nayo. Mwaka 1898 Edward Thorndike alichapisha majaribio ya paka waliofungiwa ndani ya masanduku. Paka alihangaika hadi akavuta kamba au kukanyaga kibao kwa bahati, mlango ukafunguka, akapata chakula. Kadiri alivyorudishwa ndani, mahangaiko yalipungua na kitendo kilichofungua mlango kikaja mapema zaidi. B. F. Skinner aliliendeleza wazo hilo kuanzia miaka ya 1930 kwa panya na njiwa, akapima jinsi kasi ya tendo inavyopanda na kushuka kufuatana na matokeo yake.

Kinachofuata tendo na kulifanya litokee zaidi siku zijazo huitwa kiimarishi. Uimarishaji ukiwa chanya, kitu kimeongezwa: mtoto ameomba kwa adabu, amepewa ndizi. Ukiwa hasi, kitu kimeondolewa: umefunga dirisha, kelele za baa ya jirani zimepungua, na kesho utalifunga tena. Chanya na hasi hapa ni kujumlisha na kutoa tu, kama kwenye hesabu. Adhabu ni kinyume cha vyote viwili, yaani tokeo linalolifanya tendo lipungue, iwe kwa kuongeza kitu kichungu au kwa kuondoa kitamu.

Kipimo ni kinacholipata tendo, hata kama nia yako ilikuwa nyingine. Mwanafunzi anapiga kelele katikati ya somo la Kiswahili, unamtoa nje, anakaa kivulini akiwatazama wenzake wakicheza mpira. Ikiwa wiki inayofuata kelele zimezidi, hukumwadhibu. Umemlipa.

Sasa rudi dukani uangalie watu wote wawili. Mtoto analia, anapata biskuti: kilio kimeimarishwa kwa kuongezewa kitu. Mama ananunua, kilio kinakoma: kununua kwake kumeimarishwa kwa kuondolewa kelele na aibu. Kila mmoja anamfundisha mwenzake, na ndiyo maana wazazi wenye akili timamu na mapenzi tele hujikuta wakirudia kosa lile lile kila jioni. Hawakosi msimamo. Wanalipwa papo hapo, ilhali gharama inakuja baadaye.

Hatua ya 1: Taja tendo, acha sifa

"Mkaidi", "mvivu", "hana heshima" ni hukumu, na hukumu haihesabiki. Andika kitu ambacho hata mgeni aliyeshuka matatu leo angekiona na kukihesabu: "Akikataliwa kitu dukani, hulia kwa sauti na kukaa au kulala chini." Au darasani: "Huacha dawati lake bila ruhusa wakati wa kazi ya kuandika."

Ogden Lindsley, aliyekuwa mwanafunzi wa Skinner, alitoa mtihani ambao wengi tunaufeli mara ya kwanza: jambo ambalo hata maiti analiweza si tendo. Kunyamaza, kutosumbua, kutopiga wenzake, maiti huyaweza yote. Ukijikuta umeandika "nataka aache kusumbua", endelea kuandika: nataka afanye nini badala yake? Aombe kwa maneno. Amalize mistari mitano kisha ainue mkono.

Chagua tendo moja. Najua una orodha.

Hatua ya 2: Hesabu kabla hujagusa kitu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ikirukwa hutajua kamwe kama ulichofanya kimesaidia au mtoto alikua tu. Kwa wiki moja hivi usibadilishe lolote. Pima tu.

Tendo fupi lenye mwanzo na mwisho, kama kugonga meza au kukatiza mtu akizungumza, lihesabu idadi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kuandika kila dakika, kwa hiyo atie punje za mahindi kwenye mfuko wa kulia wa koti na kuhamisha moja kwenda mfuko wa kushoto kila tendo linapotokea, kisha ahesabu kengele ikilia. Tendo linalochukua muda, kama kilio, lipime kwa dakika. Kama shida ni kuchelewa kuanza, pima muda kati ya agizo na mwanzo wa kazi. Chora mchoro mdogo: siku chini, idadi au dakika pembeni. Usitafute usahihi wa maabara. Tafuta kupima kwa namna ile ile kila siku.

Watu hushangaa wiki hii. Wapo wanaogundua kwamba mtoto "anayelia kila wakati" analia mara mbili tu kwa wiki, ila vilio hivyo viwili vilitokea mbele ya wakwe.

Hatua ya 3: Andika kilichotangulia na kilichofuata

Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu: kabla, tendo, baada. Tuseme ni mtoto wa miaka 6 anayechukuliwa shuleni kila jioni mtaani Free Area, Nakuru. Kurasa zake zinaweza kusomeka hivi:

Jumatatu. Kabla: tumetoka shuleni saa kumi, hajala tangu adhuhuri, tumeingia duka la kona kununua mkate, ameona biskuti, nimesema hapana. Tendo: amelia na kukaa chini, dakika 4. Baada: nimenunua biskuti.

Jumanne. Kabla: tumepita njia ya nyuma, hakuna duka. Tendo: hakuna. Baada: tumefika nyumbani, amekula.

Jumatano. Kabla: yuko na babake, duka lile lile, ameomba, amekataliwa. Tendo: amelia muda mfupi sana, hakuketi. Baada: babake amelipia mkate na kuendelea kutembea.

Alhamisi. Kabla: niko na jirani, tunapiga gumzo mlangoni mwa duka. Tendo: amelia, amelala chini, dakika 7. Baada: jirani amesema, "Wee mama, mpe mtoto kitu," akamnunulia yeye mwenyewe.

Soma tena. Biskuti ipo kila kilio kinapodumu. Njaa ipo pia. Biskuti ya saa kumi kwa tumbo tupu si biskuti ile ile ya saa saba mtoto akiwa ameshiba. Kwa babake kilio ni kifupi kwa sababu kwa babake hakilipi, na hapo mtoto anaonyesha werevu: ametofautisha nani analipa na nani halipi. Ndugu wakiona hivyo husema anamwogopa baba. Huenda. Lakini daftari linatoa maelezo mepesi zaidi, na tuanze na hayo.

Hatua ya 4: Kisia tendo linalipwa nini

Malipo ya matendo mengi sumbufu huangukia mafungu manne: kupata kitu au shughuli, kupata watu wamtazame na kumsemesha, kukwepa kazi au hali asiyoipenda, na raha au nafuu inayotoka ndani ya mwili wenyewe, kama kujikuna au kuyumbayumba. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake walichapisha njia ya kupima mafungu haya kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijiumiza, wakaonyesha kwamba tendo lile lile kwa macho linaweza kuwa na malipo tofauti kwa watu tofauti.

Ndiyo maana ushauri wa jumla, kama "mpuuze tu, anataka kuonekana", unafaa kwa mmoja na kumharibu mwingine. Anayepiga kelele ili atazamwe, ukimpuuza unamnyima malipo. Anayepiga kelele ili aepuke kusoma kwa sauti, ukimpuuza umempa likizo.

Kabla ya kukubali kisio lako, ondoa ugonjwa. Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja haitiki akiitwa. Mwenye malaria inayoanza, minyoo, meno mabovu au usingizi haba hulia kwa sababu nyingine kabisa. Tendo lililozuka ghafla bila kisa lipitie zahanati kwanza.

Hatua ya 5: Mpe njia nyingine ya kupata kile kile

Ukimnyang'anya mtu njia yake ya kupata anachohitaji bila kumpa nyingine, atabuni mwenyewe, na huenda usiipende. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba walichokuwa wakikitafuta kwa vurugu, vurugu zao zilipungua. Tendo jipya lazima lilete malipo yale yale, na liwe rahisi kuliko la zamani.

Kwa wetu wa Free Area: "Mama, naomba kitu cha kula." Kwa anayekimbia kazi darasani: kadi nyekundu ya karatasi juu ya dawati inayomaanisha "Mwalimu, nisaidie" au "naomba dakika mbili". Walimu wengine huona kadi hiyo ni kumdekeza. Linganisha na unachompa sasa: anapumzika somo zima, nje ya mlango, baada ya kuwavurugia wengine wote.

Mfundishe tendo jipya wakati ametulia, wala si katikati ya kilio. Fanyeni mchezo nyumbani: wewe ni mwenye duka, yeye ni mnunuzi.

Hatua ya 6: Tengeneza mambo mapema

Hii ni hatua fupi na inayolipa vizuri. Beba ndizi au kiazi kitamu kilichochemshwa, mpe langoni mwa shule. Mwambie kabla ya kuingia: "Leo tunanunua mkate tu." Mpe kazi ya kubeba mkate. Darasani, anayevurugwa na dirisha mhamishie mbele. Kazi ya mistari ishirini ikate vipande vya mitano. Mara nyingine nusu ya shida inaishia hapa.

Hatua ya 7: Lipa tendo jipya, na ulilipe mara moja

Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na pia vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Kila panya akifanya sawasawa husikia mlio mdogo wa "klik", kisha hupewa chakula, kwa mfano ndizi. Mlio wenyewe hauliki. Umepata thamani kwa kutangulia chakula mara nyingi, kama ndoo ya yule ng'ombe, na kazi yake ni kumwambia panya papo hapo: hilo ulilofanya sasa hivi, ndilo. Mmoja wao, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Naona ajabu kwamba Afrika Mashariki tuna mfano wa namna hii na bado tunafundisha somo hili kwa mbwa wa Pavlov pekee.

Kinachowafikisha panya hao ni muda. Malipo yafuate tendo ndani ya sekunde chache. Ukimwahidi mtoto baiskeli ya Desemba kwa kuomba kwa adabu mwezi wa pili, kati ya tendo na malipo yamepita matendo elfu, na hakuna ajuaye ni lipi limelipwa. Wiki za kwanza lipa kila mara tendo jipya linapotokea. Akisema "Mama, naomba kitu cha kula", apate, hata kama ulipanga asile hadi nyumbani. Sifa pia ni malipo kwa watoto wengi, ila itaje: "Umeomba kwa maneno, nimefurahi" inafundisha zaidi ya "mtoto mzuri".

Usichague malipo kwa niaba yake. Mpe vitu na shughuli kadhaa, tazama anakimbilia nini. David Premack alieleza mwaka 1959 kwamba shughuli mtu anayoifanya sana kwa hiari yake inaweza kuimarisha ile anayoifanya kwa nadra. Mashosho wetu hawakumsubiri Premack: maliza ugali na sukuma, ndipo utoke kucheza. Mpangilio ndio siri. "Cheza kwanza kisha utaandika" hufeli kwa maneno yale yale yaliyopinduliwa.

Tendo likiwa kubwa mno, finyanga. Mtoto asiyekaa mezani hata dakika moja, mlipe kwa kukaribia meza. Akizoea, lipa kukaa tu. Kisha kukaa na kushika penseli. Kisha mstari mmoja. Usipandishe kiwango hadi kile cha chini kimetulia, na akishindwa shuka kidato kimoja bila maneno mengi. Kazi yenye mfuatano, kama kunawa mikono au kuvaa sare, igawe vipande na ufundishe kimoja kimoja. Wengine huanzia mwisho: wewe unafanya vyote, yeye anamalizia kufunga kifungo cha mwisho, na furaha ya kumaliza inakuwa yake tangu siku ya kwanza.

Darasa lenye watoto wengi haliwezi kugawa ndizi. Tumia vizibo vya soda: kila mwanafunzi anapata kizibo kwa tendo lililotajwa, na Ijumaa vizibo vinabadilishwa kwa kitu au nafasi, mfano kuchagua wimbo, kufuta ubao, kuongoza mstari wa kwenda uwanjani. Ni pesa tu hizo, na watoto huielewa haraka. Kamwe usinyang'anye kizibo kilichokwisha kupatikana kwa haki wakati bado unawajengea imani. Ukifanya hivyo vizibo vyote vinashuka thamani.

Hatua ya 8: Acha kulilipa tendo la zamani

Hapa ndipo mipango mingi inakufa, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla ya kuanza.

Tendo lililokuwa likilipwa linapokosa malipo ghafla, kwa kawaida halipungui kwanza. Linapanda. Mtoto aliyekuwa akilia dakika 4 atalia 10, atapiga teke rafu, atajaribu kukutukana. Wewe pia hufanya hivyo hivyo: ukibonyeza kitufe cha redio isiwake, hubonyezi tena kwa upole, unakikandamiza, unakipiga. Mpando huu unaonyesha kwamba malipo uliyoyakisia ndiyo yenyewe. Lakini mzazi aliyeko dukani haoni ushahidi, anaona watu wamekusanyika. Siku ya tatu anashindwa: "Basi chukua, unyamaze!" Na kwa kufanya hivyo amelipa kilio cha dakika 10 kwa teke. Amekifinyanga.

Kwa hiyo usianze hatua hii hadi uwe umekubaliana na babake, dada wa kazi, shosho na mwenye duka. Zungumza na mwenye duka ana kwa ana: "Mama, akilia usimpe kitu, hata bure." Yule jirani wa Alhamisi mweleze mapema, mkarimu mmoja anatosha kuvunja mpango mzima. Anza siku ambayo huna haraka. Akilia, usimhubirie wala usimtishe. Lipia mkate, mtoke. Akitulia na kuomba kwa maneno, mjibu mara moja. Na baada ya wiki tulivu kilio kinaweza kurudi siku moja bila sababu, hasa mkitoka safari. Kipokee vile vile, kitapita.

Usitumie njia hii peke yako kwa tendo la hatari. Anayegonga kichwa ukutani, anayejing'ata, anayekimbilia barabara ya Nairobi, tendo lake haliwezi kuachwa lipande kwanza.

Vipi kiboko?

Kuchapa kunaweza kusimamisha tendo papo hapo, na kwa kusimamisha huko kunamwimarisha anayechapa. Huo ndio mtego wake. Mtoto hajifunzi la kufanya. Anajifunza kutolifanya mbele ya mwenye fimbo, na fimbo ikitoka mlangoni tendo linarudi. Juu ya hayo, kama ilivyokuwa kwa mahali pa kukamulia, mwalimu, darasa na somo vinakuwa ishara za maumivu. Wanaotetea fimbo kwa kusema samaki mkunje angali mbichi wamesahau kwamba methali inasema kukunja.

Sheria nayo iko wazi. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, Ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kuumiza mwili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Ukihitaji kupunguza tendo kwa tokeo lisilopendeza, tumia lile dogo linalohusiana nalo: aliyemwaga anapangusa, aliyechelewa kumaliza anapunguziwa dakika za kucheza. Na kwa kila mara unapofanya hivyo, hakikisha tendo jema limelipwa mara nyingi zaidi.

Hatua ya 9: Punguza malipo bila kuyaua

Tendo jipya likishatulia, acha kulilipa kila mara. Lipa mara mbili kati ya tatu, kisha nusu, kisha bila mpangilio unaotabirika. Charles Ferster na Skinner walichapisha mwaka 1957 kazi kubwa kuhusu ratiba hizi. Malipo kwa idadi maalumu, kama mchuma chai wa Kericho au Nandi anayelipwa kwa kilo, huleta kasi kubwa, na mara nyingi mapumziko mafupi baada ya kila malipo. Malipo baada ya idadi isiyotabirika huleta kasi isiyochoka na tendo gumu kufa.

Ratiba hiyo ya mwisho ndiyo inayoendesha kamari. Kijana wa Kondele anayebeti kwa simu hapotezi akili. Yuko kwenye ratiba ambayo hata njiwa wa Skinner waliigongea kibao bila kukoma. Ushindi mdogo wa wiki iliyopita unalipia hasara za mwezi, kwa hisia, hata kama mfukoni hesabu inakataa. Na mzazi anayekataa mara tisa na kukubali ya kumi amemwekea mtoto ratiba hiyo hiyo dukani. Ingekuwa nafuu kukubali mara zote au kukataa mara zote.

Kwa hiyo tumia nguvu hii upande unaoutaka: tendo jema lilipwe mara kwa mara bila kutabirika, la zamani lisilipwe hata mara moja.

Hatua ya 10: Peleka tendo mahali pengine

Mtoto aliyejifunza kuomba katika duka la kona hajajifunza bado kuomba Soko la Wakulima wala kwa shosho kule Bungoma. Mfanyie mazoezi kwenye duka la pili, na babake, na shangazi, kukiwa na watu na bila watu. Kabla ya likizo mpigie shosho simu umweleze maneno yale yale mnayotumia nyumbani, kwa heshima, maana shosho amelea watoto wengi kukushinda na hatapenda kufundishwa ulezi. Mwambie tu mjukuu anapenda kusifiwa akiomba vizuri. Hilo atalifanya kwa furaha.

Mchoro usiposhuka

Endelea kuhesabu muda wote. Ikiwa wiki mbili au tatu zimepita na mchoro haujasogea, jiulize kwa mpangilio huu: je, kuna mtu anayelipa tendo la zamani kisirisiri? Je, malipo mapya anayataka kweli, au unayataka wewe? Je, tendo jipya ni gumu kuliko la zamani? Je, ulikisia vibaya, kwamba anakwepa na wewe ukadhani anatafuta kutazamwa? Badilisha jambo moja tu, kisha upime tena.

Kwa tendo lako mwenyewe utaratibu ni ule ule, tofauti ni kwamba mlipaji na mlipwaji ni mtu mmoja na hudanganyana. Anayetaka kuacha simu kitandani aiache ikichaji sebuleni na atafute mtu mwingine wa kushika vizibo.

Mtoto akijiumiza, akiumiza wenzake, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au asipofuata unachosema hata kwa ishara, usiendelee na daftari peke yako. Hospitali ya kaunti ianze na masikio, macho na kifafa. Kisha ulizia kituo cha tathmini na nyenzo za elimu kilicho karibu, kile walimu wanachokiita EARC, na ubebe kurasa zako za kabla, tendo na baada; zitamsaidia mtathmini kuliko maelezo ya kumbukumbu.